Kamera ya video: kabla ya jicho, pima sikio lake



Watu wengi wa Dar es Salaam wenye asili ya Kilwa na Lindi wanaijua salamu inayowafikia likizo inapokaribia. Nyumbani kuna harusi, au vijana wa mtaa wanataka kurekodi mchezo wao wa kuigiza, au bibi amezeeka na wajukuu wanataka sauti yake ibaki. Salamu humalizika kwa maneno yale yale: "Ukija, njoo na kamera ya video."

Basi aliyeagizwa huingia Kariakoo. Muuza duka humwekea mezani kamera ndogo, humwonyesha maandishi makubwa ubavuni mwake, na kumwambia, "Hii, mzee, inavuta mara mia saba." Mnunuzi hulipa, hufunga safari ya kusini, na huko ndiko hesabu inakoanza kukataa.

Leo nataka tuzungumze namna ya kuipima kamera hiyo kabla fedha haijatoka mfukoni. Ni kweli kwamba kamera za video za mkononi zimepungua sana madukani, kwani simu imechukua sehemu kubwa ya kazi yake. Hata hivyo bado zipo, na nyingi ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo. Kwa shughuli ya saa nne au tano zina faida yake: hushikika vizuri mkononi, na lenzi yake huvuta kitu cha mbali bila kukiharibu. Mwenye simu naye asizime redio, kwani karibu vipimo vyote nitakavyovitaja vinamhusu.

Tuanze na hiyo mia saba. Kuvuta kuna namna mbili. Ya kwanza ni ya lenzi yenyewe: vioo vya ndani husogea, na kitu cha mbali huja karibu kikiwa na sura yake kamili. Ya pili ni ya mitambo ya kompyuta iliyomo ndani ya kamera. Hiyo hailetei macho yako jambo lolote jipya. Hukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua, kama mtu anayetanua picha ya gazeti mpaka uso unageuka vidoa. Namba kubwa ya ubavuni kwa kawaida ni ya namna hii ya pili. Itafute ile ndogo, ishirini au thelathini, inayotaja lenzi. Aidha, kadiri unavyovuta ndivyo mtikisiko wa mkono unavyokua. Aliyepanda mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, akajaribu kuyavuta magofu akiwa bado majini, anajua ninachosema. Ukishashuka, stendi ya miguu mitatu na kusogea karibu kwa miguu yako mwenyewe vitakufaa kuliko hiyo mia saba.

Kwangu mimi kipimo cha kwanza si jicho la kamera bali sikio lake. Kamera ndogo huwa na maiki iliyofungiwa mwilini mwake. Maiki hiyo husikia zaidi kilicho karibu nayo: pumzi ya mpiga picha, kidole kinachobonyeza, mota inayozungusha mkanda, na kwa pwani yetu, upepo.

Niliwahi kuonyeshwa mkanda wa ndoa iliyofungwa Kilwa Masoko mwezi wa Julai, kusi ikivuma kwelikweli. Picha ilikuwa safi, hata nyuzi za kofia ungeweza kuzihesabu. Lakini baba alipotamka maneno ya kumwoza binti yake, kilichosikika ni mvumo wa upepo tu. Bibi harusi wakati ule alikuwa ndani na kina mama, kama ilivyo desturi, na mkanda huo ndio uliokuwa umuletee kile ambacho hakukishuhudia. Baba yake sasa ni marehemu. Binti anamwona midomo ikicheza, hamsikii.

Kwa hiyo tafuta kamera yenye tundu la maiki ya nje, na kama inawezekana tundu la hedifoni, ili ujue kinachoingia wakati kinaingia na si wiki moja baadaye. Kisha mwombe muuzaji mtoke nje ya duka. Asimame hatua kumi kutoka ulipo na ahesabu moja hadi ishirini kwa sauti ya kawaida, magari yakipita. Sikilizeni mlichorekodi. Ukiipoteza namba ya saba hapo Kariakoo, kule ufukweni utapoteza hotuba nzima. Dawa yake ni maiki ya nje iliyovikwa sponji au kitambaa chenye manyoya, na kusogezwa karibu na mdomo wa msemaji.

Vijana wa michezo ya kuigiza walizingatie hili zaidi ya wote. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, na nyingi zilizoifuata nchini, zilitumia video badala ya mikanda ya gharama ya sinema, na watu walizinunua. Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu. Asiposikia kwa nini mume amegombana na mkewe, anainuka na kwenda zake.

Kipimo cha pili ni mwanga, na pwani ina taabu zote mbili, ya uchache na ya wingi. Shughuli nyingi ni za usiku, chini ya balbu moja. Kamera yenye kipokea mwanga kidogo mno huijaza picha chengachenga. Nyingine hujisifu kwamba inaona hata gizani, kumbe ujanja wake ni kukawiza kila picha ili ikusanye mwanga, na mcheza ngoma anageuka mzimu mwenye mikono sita. Ingia nayo stoo ya duka, mwombe kijana wa duka apunge mkono, kisha utazame.

Mchana nako, mchanga mweupe na maji yanayometameta huifanya kamera idhani mwanga umezidi. Hupunguza kila kitu, na uso wa mtu hubaki kivuli. Ukisimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, chini ya kuba na nguzo zake, na kumrekodi mtu aliyeipa mgongo nuru ya nje, utaliona jambo hili waziwazi. Hakikisha kamera ina namna ya kuongeza mwanga kwa mkono. Na inapowezekana, rekodi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Kipimo cha tatu ni betri. Saa zinazotajwa na mtengenezaji ni za betri mpya. Washa kioo cha pembeni, vuta na kuachia, na saa hizo hupungua sana. Ya mtumba huweza kuonyesha imejaa na kufa baada ya dakika kumi. Basi iache irekodi nusu saa huku mkipatana bei. Uliza pia kama betri ya pili ya aina hiyo inapatikana, kwani si kitu cha kutegemea kukikuta Nangurukuru ukishuka kwenye basi.

Kipimo cha nne husahauliwa na wengi: picha itatokaje humo? Kamera za mkanda mdogo wa kidijitali, zilizoanza kuuzwa mwaka 1995, hurekodi vizuri hadi leo, lakini huhitaji waya wa aina ya FireWire, ambao kompyuta mpya hazina tundu lake. Ya kadi ina unafuu, kwani kadi huchomolewa na kusomwa na kompyuta ya kawaida. Uliza pia ilitoka nchi gani. Za Marekani na Japani zilifuata mfumo wa NTSC, sisi tukafuata PAL. Tena umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde na wa Marekani mara 60, hivyo kamera ya huko ikiwekwa chini ya taa zetu za tyubu, picha huweza kupepesa kama taa ya koroboi penye upepo.

Ninasisitiza hili la kutoa picha kwa sababu Kilwa yenyewe inatufundisha. Majumba ya masultani wake yamebomoka, lakini habari zao tunazo. Historia ya Kilwa kwa Kiarabu iliyohifadhiwa London ni nakala iliyoandikwa mwaka 1877. Simulizi nyingine ya historia hiyo tunayo kwa kuwa Mreno João de Barros aliiingiza katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1552. Habari hizo hazikuokolewa na ubora wa karatasi, bali na watu waliozinakili.

Sasa tazama kabati za nyumbani. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, ambapo kanda za video zilikwishaingia majumbani kitambo. Kanda hizo za VHS zimelala humo, nyingine zimeota ukungu kwa unyevu wa bahari, na kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Anayesubiri anapoteza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukirudi kutoka Lindi, usiifute kadi kwanza. Nakili mara mbili, nakala moja ibaki kwako na nyingine kwa ndugu wa nyumba tofauti. Andika juu yake nani anasema, wapi, na mwaka gani. Na kama nyumbani bado kuna deki inayozunguka na mkanda wenye sauti ya mzee wenu, kazi hiyo ianze kabla hujakwenda Kariakoo kununua chochote.