Kuvuka mto tu, daktari hana leseni

Huenda wewe msomaji una binti au mpwa anayeishi Minnesota, jimbo la Marekani ambako Wakenya wengi wamehamia. Tuseme yuko mji wa Moorhead. Ng'ambo ya mto tu kuna Fargo, na huko ni jimbo jingine, North Dakota. Mama huyo anaweza kuvuka daraja akampeleka mtoto kwa daktari wa Fargo. Lakini mtoto akishikwa na homa usiku, wakiwa nyumbani Moorhead, daktari yule yule akimtibu kwa simu bila leseni ya Minnesota huenda akawa anavunja sheria. Kinachotazamwa ni mahali alipo mgonjwa, si alipo daktari.

Ajabu, sivyo? Hapa kwetu leseni hutolewa na baraza moja, na mwenye nayo aweza kutibu Lamu au Turkana. Kule kila jimbo lina bodi yake, fomu zake na ada yake.

Kupunguza usumbufu huo, majimbo yalianza kupitisha mkataba wa pamoja mwaka wa 2015, na leseni za kwanza zikatoka 2017. Leo yaliyojiunga yanapita 40, yakiwemo hayo mawili. Lakini usidhani daktari hupewa leseni moja ya nchi nzima. La! Jimbo lake la msingi humchunguza, hata alama za vidole, kisha humwandikia barua ya kuthibitisha kwamba anafaa. Kwa barua hiyo huchagua majimbo ayatakayo, na kila moja humpa leseni yake bila kuanza upya. Hulipa dola 700, na juu yake ada ya kila jimbo. Mwenye mfuko mwepesi atachagua machache.

Masharti nayo si mchezo. Lazima awe amepita kila sehemu ya mtihani wa leseni bila kuzidisha majaribio matatu, awe na cheti cha ubingwa, na asiwe amewahi kuadhibiwa na bodi. Aliyesomea Nairobi hafungiwi mlango, ila itambidi arudie mafunzo ya hospitalini huko huko, hata akiwa ametibu watu hapa miaka 10.

Kuna na upande mchungu. Leseni ya jimbo la msingi ikifutwa, zile za majimbo mengine ya mkataba nazo huanguka papo hapo.

Kwa hivyo ukizungumza na binti yako, mwambie asione haya kumwuliza daktari wa simu: "Una leseni ya jimbo nilipo?" Bodi za majimbo huweka orodha wazi, na jina laweza kutafutwa bila malipo.