Ndege chache, ratiba iliyobana: kwa nini safari za jioni huchelewa

Msafiri anayeondoka Dar es Salaam kwa ndege ya kwanza ya alfajiri kuelekea Mwanza au Dodoma mara nyingi huruka kwa wakati. Mwenzake mwenye tiketi ya jioni, kwa shirika lilelile na njia ileile, huenda akasubiri saa mbili au tatu, kisha akasikia kipaza sauti kikitangaza kwamba safari imesogezwa mbele "kwa sababu za kiuendeshaji". Maneno hayo yamezoeleka mno katika viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki, hata abiria wengi huyachukulia kuwa kisingizio. Mara nyingi, hata hivyo, maana yake ni jambo ambalo tiketi haisemi: ndege inayosubiriwa ilikuwa wapi tangu asubuhi, na ilipoteza muda kwa nani.

Ndege huingiza fedha ikiwa angani. Ikiegeshwa, kodi yake, bima yake na mishahara ya wanaoihudumia huendelea kulipwa vilevile. Ndiyo maana kila shirika hujitahidi kuirusha kwa saa nyingi iwezekanavyo kwa siku, na kupunguza muda wa kukaa chini kati ya kutua na kuruka tena. Mfano mashuhuri ni wa Southwest ya Marekani. Mwaka 1972 shirika hilo, likiwa bado changa, lililazimika kuuza moja ya ndege zake nne. Likaamua kuendeleza ratiba ileile kwa ndege tatu, kwa kushusha na kupandisha abiria ndani ya dakika 10. Liliweza, na mashirika ya dunia nzima yakajifunza somo hilo. Wengi walichukua nusu yake tu: walibana muda, lakini hawakuwa na wafanyakazi, vipuri na viwanja vya kuuhimili mbano huo.

Katika sekta ya usafiri wa anga, safari huhesabiwa kuwa imeondoka kwa wakati ikiwa haikuchelewa zaidi ya dakika 15. Ucheleweshaji unaozidi hapo hupewa namba maalumu ya sababu: hali ya hewa, ubovu, mafuta, mizigo, msongamano uwanjani. Namba 93 ni ya ndege iliyochelewa kufika kutoka safari iliyotangulia. Barani Ulaya, ambako takwimu hukusanywa kwa makini, ucheleweshaji wa aina hii ya kurithiana hufikia karibu nusu ya dakika zote zinazopotea. Kwa maneno mengine, abiria wengi hulipa deni la safari ambayo hawakuwamo.

Chukulia ndege moja yenye injini za panga, ya aina inayotumika sana katika safari za ndani za Tanzania. Inaondoka Dar es Salaam saa 12 kamili asubuhi kwenda Dodoma, inarudi saa 3, kisha saa 3 na dakika 35 inakwenda Mwanza na kurejea saa 8 na dakika 5 mchana. Saa 8 na dakika 40 inaruka kwenda uwanja wa mkoani, inafika saa 10 na dakika 10, inageuza saa 10 na dakika 40 na kurudi Dar es Salaam saa 12 na dakika 10 jioni, tayari kwa safari fupi ya Zanzibar. Kwenye karatasi, ratiba hiyo haina kosa. Dakika 30 au 35 chini zinatosha kushusha abiria, kupakia mizigo, kujaza mafuta na kufanya ukaguzi mfupi.

Asubuhi hiyo, taa moja ya tahadhari inawaka ndani ya chumba cha marubani kabla ya kuondoka. Mafundi wanaikagua, wanabadilisha kifaa, wanajaza hati. Saa mbili zimekwenda. Abiria wa Dodoma wanaondoka wakinung'unika, na kwao habari imeishia hapo. Ndege, hata hivyo, haina mahali pa kuzirudisha saa mbili hizo. Ikiharakishwa inaweza kuokoa dakika tano kila inapotua, pengine kumi. Abiria wa Mwanza wanachelewa karibu saa mbili. Wale wa mkoani wako hatarini zaidi, kwa kuwa baadhi ya viwanja vya mikoani vimekuwa vikihudumia ndege mchana tu, kwa kukosa taa kwenye njia ya kurukia. Ndege iliyopaswa kufika saa 10 na dakika 10 sasa itafika karibu saa 12 jioni, na jua la ukanda huu halisubiri. Haitaweza kuruka tena kabla ya giza. Safari inafutwa. Kwa hiyo kifaa kilichoharibika alfajiri kimemnyima mgonjwa wa mkoani, ambaye hata hakukiona, miadi yake ya kesho Muhimbili.

Dawa yake inajulikana tangu zamani, nayo ni nafasi: kuacha pengo la saa moja katikati ya siku, au kuweka ndege ya akiba tayari pamoja na marubani wake. Shirika lenye ndege mia linaweza kuziweka kando mbili au tatu bila kuumia sana. Lenye ndege nane likiweka moja limeacha sehemu ya nane ya mali yake bila kazi, na hakuna mhasibu atakayelala usingizi.

Hali huwa mbaya zaidi injini zenyewe zinapokosekana. Air Tanzania, iliyofufuliwa kuanzia 2016, ilipokea Airbus A220 yake ya kwanza Desemba 2018. Injini za Pratt & Whitney za ndege hizo zilionyesha kuchakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa, tatizo lililoyakumba mashirika mengi duniani, na foleni kwenye karakana za matengenezo ikawa ndefu. Mwaka 2022 shirika lililazimika kuegesha baadhi ya A220 zake na kupanga upya safari. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alitaja kuegeshwa huko miongoni mwa sababu za hasara ya shirika, iliyofikia shilingi bilioni 35.24 za Tanzania mwaka wa fedha 2021/22 na kupanda hadi bilioni 56.64 mwaka uliofuata. Shirika hukodi ndege hizo kutoka Wakala wa Ndege za Serikali, hivyo hata isiyoruka huendelea kuwa na gharama. Wakati huohuo, ndege zilizobaki hubeba kazi ya zile zilizosimama, mapengo katika ratiba huliwa, na kila taa ya tahadhari hugeuka kuwa jambo la siku nzima. Kupunguza safari zilizotangazwa ni hatua ya busara katika hali kama hiyo, ila haina mvuto wa kupokea ndege mpya kwa ngoma na kamera.

Nairobi tatizo hilo lina sura nyingine. Kenya Airways hutumia uwanja wa Jomo Kenyatta kama kitovu: abiria kutoka Kinshasa, Lilongwe au Bujumbura hukusanywa hapo, kisha kuunganishwa na safari za Ulaya na Asia. Ndege kadhaa hufika kwa pamoja na kuondoka kwa pamoja, tena katika uwanja wenye njia moja tu ya kurukia. Ndege ya Bujumbura ikichelewa, msimamizi wa zamu ana maamuzi mawili, yote machungu. Akiisubirisha ndege ya Ulaya kwa ajili ya watu ishirini, anawachelewesha mamia na pengine kupoteza nafasi ya kutua iliyotengwa huko iendako. Akiiruhusu iondoke, ishirini hao watalala hotelini kwa gharama ya shirika.

Shirika hilo lina Boeing 787 tisa. Mwaka 2024 lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4 za Kenya, ya kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja. Miezi sita ya kwanza ya 2025 ilileta hasara ya takriban bilioni 12, na wasimamizi wakaeleza kuwa ndege tatu kati ya tisa hizo zilikuwa zimeegeshwa kutokana na uhaba wa injini na vipuri duniani. Theluthi ya ndege za masafa marefu ikiwa chini, ile ya akiba hubaki kuwa jina tu.

Kuna pia saa za binadamu. Sheria huweka kikomo cha muda ambao rubani na wahudumu wanaweza kuwa kazini, na kikomo hicho hakina huruma kwa sababu usingizi nao hauna huruma. Ndege inaweza kuwa imepona saa 3 usiku, mafuta yamejaa na abiria wamekaa vitini, lakini rubani amebakiwa na dakika 40 za kazi kwa safari ya saa mbili. Abiria huona uzembe. Akirushwa na rubani aliyechoka, hasara yake ingekuwa kubwa kuliko usiku mmoja uwanjani.

Kwa wanaosafiri kutoka Ulaya kurudi nyumbani, ucheleweshaji huo una bei iliyoandikwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inahusu kila safari inayoanzia katika uwanja wa umoja huo, hata kama shirika ni la Afrika. Hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya 2009 iliwapa haki ya fidia wanaofika wakiwa wamechelewa saa tatu au zaidi, na kwa safari ndefu kama ya Paris hadi Nairobi kiwango chake ni euro 600, ingawa kinaweza kupunguzwa kwa nusu ucheleweshaji usipofika saa nne. Shirika huepuka kulipa likithibitisha kuwa lilikumbwa na jambo lisilo la kawaida ambalo halikuweza kuzuilika. Ubovu wa kiufundi unaojitokeza katika uendeshaji wa kila siku, mahakama hiyo ilikwisha kusema mwaka 2008, kwa kawaida hauhesabiwi kuwa jambo la namna hiyo. Abiria anayetaka kudai anashauriwa kutunza tiketi na pasi ya kupandia ndege, na kuomba sababu ya ucheleweshaji kwa maandishi kabla hajaondoka kaunta.