Kushusha Pikapu ya Zamani: Vipuri vya Kuchagua na vya Kuepuka

Peugeot 504, Datsun 1200 na Isuzu KB za miaka ya sabini na themanini bado zinaonekana barabarani. Nyingine zinabeba maziwa na mbolea, nyingine zinatunzwa kwa fahari na vijana waliozirithi kutoka kwa wazazi. Wengi wa vijana hao hupenda kuzishusha ili mwili wa gari ukaribie tairi. Kazi hiyo yaweza kufanywa vizuri. Hatari huja pale springi zinapokatwa au kupashwa moto badala ya kununuliwa vipuri vinavyofaa.

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari aamue kama pikapu itaendelea kubeba mzigo. Kipimo chake ni rahisi. Gari likiwa tupu kwenye sakafu tambarare, pima nafasi iliyopo kati ya akseli ya nyuma na ule mpira uliofungwa kwenye chesisi kuzuia akseli isigonge. Kisha lipakie mzigo wake wa kawaida na upime tena. Kwa mfano, nafasi ikiwa inchi 4 gari likiwa tupu na inchi 2 likiwa na mzigo, kulishusha kwa inchi 2 kunamaanisha kwamba likipakiwa akseli itakuwa imegusa mpira tayari. Kila tuta litapiga chesisi moja kwa moja. Pikapu ya namna hiyo isishushwe zaidi ya inchi 1, au iache kazi ya mzigo.

Nyuma, pikapu nyingi hizi zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Pale ambapo springi imekaa chini ya akseli, njia nyepesi ni kuweka bloki kati ya springi na akseli. Bloki ya inchi 2 hushusha gari kwa inchi 2. Inunuliwe bloki moja ya chuma kizima, yenye pini inayoingia kwenye tundu la akseli ili isiteleze. Bloki mbili zisibebane, na mbao zisitumike kabisa. Boliti za U ziwe mpya na ndefu za kutosha, kwa kuwa za zamani huwa zimeshanyooka kidogo na hazishiki tena kama inavyotakiwa. Ikiwa springi ndiyo iliyokaa juu ya akseli, bloki haitasaidia, na fundi atatafuta springi zilizopindwa kidogo kuliko za awali.

Kuna wanaotoa chuma kimoja au viwili kwenye springi. Gari hushuka kweli, lakini vinavyobaki hubeba uzito wa vyote, na siku ya mzigo mkubwa kimojawapo huvunjika. Kupasha springi moto ili inyooke ni kubaya zaidi, kwa sababu chuma cha springi hupata unyumbufu wake kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo. Gesi ya gereji hufuta kazi hiyo kwa dakika chache. Springi ikihitaji kunyooshwa, inyooshwe baridi kwa mashine ya kukandamiza.

Mbele hali hutofautiana. Datsun 620 na Isuzu KB hutumia nondo inayojinyonga badala ya springi ya duara, na boliti ya kuirekebisha imo tayari kwenye gari. Fundi hulegeza kidogo pande zote mbili kwa kiasi sawa, na mwenye gari akibadili nia hurudishwa. Hakuna njia ya bei nafuu kuliko hiyo. Peugeot 504 na Datsun 1200 zina springi za duara zilizozunguka shokamzoba. Hizo zibadilishwe kwa springi fupi na ngumu zaidi zilizotengenezwa kwa modeli hiyo hiyo. Springi iliyokatwa kwa graenda haikai sawasawa kwenye kikalio chake, na gurudumu likining'inia shimoni yaweza kuchomoka. Shokamzoba nazo ziwe fupi. Za awali zitafika mwisho wake mapema na kuharibika.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni breki. Baadhi ya pikapu zina vali ya breki iliyounganishwa na akseli ya nyuma kwa fimbo. Nyuma ikishuka, vali hudhani kuna mzigo na kupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Katika barabara yenye mvua, gari tupu hufunga magurudumu ya nyuma na kujigeuza. Fimbo hiyo lazima irekebishwe siku ile ile springi zinapobadilishwa. Taa za mbele pia zikaguliwe, kwani nyuma ikishushwa peke yake taa huelekea juu na kupofusha madereva wanaokuja. Baada ya hapo gari lipelekwe kufanyiwa alainimenti, la sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja.

Usajili na ukaguzi wa magari ni kazi ya NTSA, si ya serikali ya kaunti, na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Wakazi wanashauriwa kuuliza ofisi ya NTSA na kampuni yao ya bima kabla fundi hajaanza, na wasikubali chesisi ikatwe ili akseli ipate nafasi. Namba ya chesisi imechongwa hapo hapo kwenye chuma, na gari lenye namba iliyoguswa humletea mwenyewe maswali marefu.

Boliti za U zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi za kwanza. Springi za awali zisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zipakwe grisi na kuhifadhiwa, maana atakayenunua pikapu hiyo kesho huenda akawa mkulima.