MAMA, MBONA ZIWA LIKO MBALI?

Mwanangu wa darasa la nne alikuwa amekariri vizuri: Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871. Shuleni alipata vema. Siku nilipompeleka penye mnara wa kumbukumbu, akageuka huku na huku, akaniuliza, "Mama, si tuliambiwa Ujiji ilikuwa ufukweni? Ziwa lenyewe liko wapi?"

Nikabaki mdomo wazi. Miaka yote hii nanunua dagaa Kibirizi, sijawahi kujiuliza.

Jibu limo katika jiografia. Mto Lukuga, ng'ambo upande wa Kongo, ndio unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika. Zama zile mdomo wake ulikuwa umezibwa na matope na majani, maji yakazidi kujaa. Kwenye mwaka 1878 hivi kizuizi kikasombwa, ziwa likashuka mita kadhaa, na ufuko wa Ujiji, ulio tambarare, ukawa nchi kavu. Reli ya kati ilipofika mwaka 1914, ilikwenda kuishia Kigoma kwenye ghuba yenye kina, si Ujiji, mji wa kale wa misafara ya pembe na watumwa. Meli tunayoiita Liemba nayo iliundwa upya hapo hapo Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915.

Sasa, mama mwenzangu, habari hiyo ni ya somo gani? Shule zetu zimejaribu njia zote: Maarifa ya Jamii iliyaunganisha masomo haya, yakatenganishwa, yakaunganishwa tena, na mtaala wa 2023 una Historia ya Tanzania na Maadili mbali, Jiografia na Mazingira mbali. Siwalaumu walimu, wana ratiba yao. Nyumbani lakini hakuna kengele ya kubadili kipindi. Tukichambua dagaa namwuliza kwa nini wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi, na kabla ya karabai walivua kwa mwanga gani. La pili humpeleka kwa babu yake, ambaye hulijibu jioni nzima!

Juzi kaja na jipya. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena, yakaingia hata nyumba za ufukweni. "Mama, Lukuga imeziba tena?" Nikamwambia mvua zimekuwa nyingi mno. Hakuridhika, anataka kumwuliza mwalimu. Ila hajui swali aliandike kwenye daftari lipi.