Naivasha: Majivu, Maji na Miguu Yako

Jumamosi asubuhi pale Naivasha, wapanda mlima utawajua wakishuka tu kwenye matatu. Kuna aliyevaa buti mpya ambazo bado hazijaonja vumbi, kuna wa raba za kwendea sokoni, na hakosi mmoja wa ndala. Wana chupa ya nusu lita kwa watu watatu na swali moja kwa wote: Longonot ni mbali?

Si mbali. Kutoka lango la hifadhi hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo wote ni 7.2. Mimi kazi yangu ni udongo na miamba, na watu wakiniomba ushauri wa safari hii huwaambia waache habari ya umbali, waangalie wanachokanyaga.

Wanakanyaga majivu. Longonot ni volkano yenye kimo cha mita 2,776, iliyojijenga tabaka juu ya tabaka kwa milipuko, na mlipuko wake wa mwisho unakadiriwa kuwa wa miaka ya 1860. Kwa umri wa milima, hiyo ni juzi. Majivu yake mengi hayajapata wakati wa kushikana yakawa mwamba. Chota kidogo kiganjani: yanapita katikati ya vidole kama unga wa muhogo, yakiwa na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Kiangazi ni vumbi linalojaa soksi. Masika ni utelezi. Mvua ya dakika chache huchora mfereji, viatu vya wikendi vikauchimba, mvua inayofuata ikaukuta tayari ukaupanua. Ndiyo maana kuna mahali utapita ndani ya mtaro unaokufika kifuani, ukadhani watu waliuchimba kwa majembe. Waliuchimba kweli, ila kwa miguu. Anayekata kona ili aokoe hatua kumi ndiye anayefungua mtaro wa mwakani, na sioni haya kumkemea.

Kupanda huchosha mapafu, hasa ya mtu aliyeamkia Mombasa. Kileleni shinikizo la hewa halifiki robo tatu ya lile la pwani, kwa hiyo moyo kukudunda si ishara kwamba unaumwa. Punguza mwendo, usione aibu. Jua nalo huunguza kuliko unavyohisi, kwa sababu upepo unakupoza huku ngozi ikiiva. Lakini wanaoumia wengi nimewaona wakati wa kushuka. Mtu akiogopa kuanguka huegemea nyuma, uzito wote ukaenda kwenye kisigino, na kisigino juu ya majivu makavu ni kama kukanyaga punje za mtama kwenye sakafu ya saruji. Niliwahi kumsikia mwongozaji kijana akimwambia mama mmoja aliyekwama katikati ya mteremko: "Mama, usiegemee nyuma. Kunja magoti, hatua fupi fupi, mlima utakushusha wenyewe." Mama akamjibu kwamba magoti yake ni ya mwaka mwingine, lakini akayakunja, akafika.

Ukiwa juu ukingoni, tazama kaskazini-magharibi. Ziwa Naivasha liko pale, mita 1,884 kutoka usawa wa bahari, na lina kitendawili chake. Mito ya Malewa na Gilgil inaingia, hakuna mto unaotoka. Kwa kawaida ziwa la namna hiyo katika Bonde la Ufa huishia kuwa la magadi, kama majirani zake Elmenteita na Nakuru. Naivasha ni maji baridi kwa sababu linavuja: maji hupenya kwenye miamba iliyopasuka na kuondoka na chumvi yake chini kwa chini. Upande wa kusini ardhi ni ya moto, ndiyo maana tangu 1981 mvuke wa jotoardhi wa Olkaria umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme.

Zamani lakini ziwa lilikuwa na mlango wa wazi. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, ziwa lilikuwa kubwa na la kina zaidi, likafurika kuelekea kusini na kulikata lile korongo tunaloliita Ol Njorowa, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate. Hifadhi hiyo ni miongoni mwa chache nchini ambamo unaruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga bila gari. Kodi baiskeli, ijaribu breki kabla hujalipa, na wapishe nyati njia nzima. Hayo yanatosha kuhusu hifadhi. Nataka tushuke korongoni.

Kuta zake zinapanda wima, na kuna sehemu nyembamba ambapo ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Weka kiganja ukutani: mahali pengine jiwe ni vuguvugu, na maji ya moto yanachuruzika yakiacha michirizi ya rangi ya kutu. Ukitazama kuta utaona zimelainishwa na kupindwa. Hiyo ni kazi ya maji, na maji hayajaacha kazi. Mvua ikinyesha kwenye miteremko ya juu, udongo mwepesi usio na majani ya kutosha hauwezi kuinywa yote. Vijito vyote vinakimbilia bonde hili moja, na maji yaliyokuwa yametandazika mlimani yanabanwa kwenye upenyo wa mita moja au mbili. Wewe uliye chini unaweza kuwa na jua kichwani. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa humo wakafa. Septemba 2019 mafuriko yaliua tena, safari hii watalii pamoja na mwongozaji wao, na korongo likafungwa.

Dalili zipo ila ni za muda mfupi mno. Maji yaliyokuwa maangavu yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Vijiti na majani makavu vinatangulia. Kisha unasikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, na hapo usikimbie kufuata korongo, kwa sababu maji yanakushinda mbio. Panda popote panapopandika, achana na mkoba. Ni afadhali zaidi usiwe humo kabisa.

Ziwani nako maji hayakai yalipoachwa jana. Mwaka 2020 yalipanda hadi yakaingia nyumbani mwa watu mtaa wa Kihoto, na vijia vingi vya ufukweni vikazama kwenye mafunjo. Viboko walihama pamoja na ukingo. Usitembee ufukweni giza likiingia, na wakati wowote ule usisimame kati ya kiboko na maji.

Basi ukifika lango la Hell's Gate, kabla ya kutoa pesa, muulize askari kama korongo liko wazi, na jana na leo mvua imenyesha wapi. Usiulize kama imenyesha hapo langoni. Akikuonyesha kwa kidole wingu lililosimama upande wa juu, endesha baiskeli kwenye bonde la wazi urudi mjini ukale samaki. Korongo utalishuka siku nyingine.