Mkaza Mwana Akitoka Nchi Nyingine: Tengeneza Karatasi Zake Mapema



Mtu wa Mwea hahitaji kufundishwa kwamba kukaa mahali ni jambo moja, na kuwa na haki ya kukaa hapo ni jambo lingine. Mifereji yetu ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini, wakati ambapo Mkikuyu, Mwembu na Mmeru hakuweza kusafiri bila pasi. Baadaye wazee wetu walipewa ekari nne nne za mpunga, nao wakakaa kwa leseni. Kanuni za skimu zilitaja ni nani aliyehesabiwa kuwa jamaa ya mwenye leseni: baba yake, mama yake, wake zake, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 18. Kijana akipita umri huo, hata kama alizaliwa Thiba au Tebere, karatasi haikumtambua tena.

Sheria ile ya zamani ya umwagiliaji ilifutwa mwaka 2019, lakini fundisho lake lingali kweli. Yafaa ulikumbuke hasa ikiwa mwanao amerudi nyumbani na mke aliyempata Kampala, Arusha au Kigali.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huenda mkaza mwana wako ameshika jembe miaka mingi, anapandikiza miche vizuri kuliko wenyeji, na kijiji kizima kinamwita mama wa fulani. Lakini Idara ya Uhamiaji haitazami jembe, yatazama karatasi. Haya basi ni makosa matano ambayo huwaletea watu taabu, na njia ya kuyaepuka.

KOSA LA KWANZA: KUDHANI KWAMBA NDOA NI KIBALI

Tangu mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki yalipoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi nyingi zilizo katika Jumuiya huingia Kenya bila kulipia viza, naye aweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita. Tangu mwaka 2014, Mganda na Mnyarwanda waweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa tu. Wepesi huu ni jambo jema, lakini umewadanganya wengi. Ruhusa hiyo ni ya mgeni anayetembea. Si kibali cha kuishi, wala si kibali cha kufanya kazi ya mshahara.

Kwa hiyo, kabla ya siku zile kwisha, yampasa mume apeleke maombi Uhamiaji ili mkewe apewe pasi ya mtu anayetegemea jamaa yake. Pasi hiyo nayo ina mwisho wake. Iandike tarehe yake ukutani karibu na kalenda ya kupanda, na mwombe nyingine kabla haijakwisha. Mtu anayekutwa nchini bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hesabu mwenyewe ni magunia mangapi ya mpunga.

KOSA LA PILI: NDOA ISIYO NA CHETI

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mahari imepelekwa, ngurario imefanywa, wazee wamekula na kubariki. Ndoa hiyo ni ndoa. Lakini afisa wa Uhamiaji hakuwako siku ile, naye atauliza, "Cheti kiko wapi?"

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka kila ndoa iandikishwe, ya kimila ikiwa mojawapo, na kazi ya kuandikisha ndoa za kimila ilianza tarehe 1 Agosti 2017. Sheria inasema mume na mke wamjulishe Msajili katika muda wa miezi mitatu tangu mila kutimizwa, na waombe cheti kabla ya miezi sita kupita. Yawapasa waende wote wawili, maana mmoja hawezi kumwakilisha mwenzake. Ikiwa umechelewa, usikae kimya kwa kuona haya. Nenda kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu, kama ile ya Nyeri, ukaulize yanayotakiwa ili ndoa iandikishwe sasa.

KOSA LA TATU: KUCHANGANYA MIAKA MITATU NA MIAKA SABA

Watu husema, "Ameshakaa miaka mitatu, sasa ni Mkenya." Sivyo. Mtu aliyefunga ndoa na raia wa Kenya kwa muda wa miaka mitatu au zaidi aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Akiupata, ana haki ya kuishi Kenya, lakini bado si raia. Mtu aliyekaa katika ndoa miaka saba au zaidi ana haki ya kuomba aandikishwe kuwa raia. Atatakiwa kuonyesha kwamba ndoa yao inatambuliwa na sheria, kwamba haikufungwa kwa ajili ya kupata uraia tu, na kwamba mume na mke wanaishi pamoja wakati wa kuomba.

Wazazi wenye mabinti, sikieni pia. Katiba ya zamani ilimpa haki ya namna hii mke aliyetoka nje, lakini si mume aliyetoka nje. Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 iliondoa tofauti hiyo. Binti yako akiolewa na Mtanzania nao wakaja kukaa Kimbimbi, mkweo huyo yuko chini ya hesabu hiyo hiyo ya miaka mitatu na saba.

KOSA LA NNE: MAJINA NA HABARI ZISIZOPATANA

Tuseme kitambulisho cha mke kimeandikwa Namutebi, cheti cha ndoa kimeandikwa Namuteebi, na cheti cha mtoto kinataja jina la ubatizo tu. Kwako wewe huyo ni mtu mmoja. Kwa karani anayesoma faili, hao ni watu watatu. Kabla ya kupeleka maombi, zitandaze karatasi zote mezani na kuzilinganisha herufi kwa herufi, na tarehe kwa tarehe. Penye kosa, litengenezwe kwanza katika ofisi iliyotoa karatasi ile.

Wala usiandike uongo ili kuficha doa. Kama alikaa miezi kadhaa bila ruhusa, aseme hivyo. Kukaa bila ruhusa ni kosa, na kusema uongo katika maombi ni kosa jingine juu yake.

KOSA LA TANO: KUMWACHIA BROKA KAZI YAKO

Siku hizi fomu hujazwa kwa intaneti. Asiyejua kompyuta hukimbilia mtu wa kibandani Wang'uru, humkabidhi pasipoti na fedha, kisha hungoja. Kusaidiwa kuandika si vibaya. Lakini usiache pasipoti yake mikononi mwa mtu huyo, na soma kila jibu kabla halijapelekwa. Weka mwenyewe nambari ya maombi na risiti ya malipo ya Serikali. Mtu akisema anamjua mkubwa fulani atakayekupitisha bila cheti cha ndoa, jua kwamba fedha zako zinakwenda na maji ya Thiba. Penye shaka, uliza Huduma Centre au ofisi ya Uhamiaji yenyewe.

KWA NINI JAMBO HILI LAHUSU SHAMBA

Pengine wasema, "Mkaza mwana wangu anaishi vyema, hakuna anayemsumbua." Ni kweli, maadamu mumewe yu hai. Fikiria siku ambayo hayupo. Katiba yasema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Na Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, inayosimamia mashamba ya kilimo, imekatazwa na sheria kuruhusu shamba lihamishiwe kwa asiye raia. Mjane aliyepanda na kuvuna miaka kumi na mitano, asiye na cheti cha ndoa wala uraia, atasimama mbele ya wazee na mahakama bila karatasi hata moja ya kumtetea. Hapo ndipo shemeji wenye tamaa hupata nafasi.

Watoto wao wana usalama zaidi. Mtoto ambaye baba yake au mama yake ni raia wa Kenya siku anapozaliwa, huyo ni raia wa kuzaliwa. Lakini hata haki hiyo yahitaji ushahidi, kwa hiyo kila mtoto aandikishwe kabla hajatimiza miezi sita.

Ndugu mkulima, hungoji maji yafike shambani ndipo utengeneze kingo za majaruba. Jioni ya leo mwite mwanao na mkewe, leteni karatasi zote, na mwulizane mambo matatu: cheti cha ndoa kipo? Ruhusa yake ya kukaa inakwisha lini? Miaka mitatu, au saba, imetimia? Jibu moja likikosekana, kazi ya kesho asubuhi mmekwisha kuijua.