Unakwenda majuu? Kagua kwanza meno ya plagi yako

Msomaji wangu, safari ya nje ina mambo yake. Mtu atahangaikia pasi ya kusafiria, atachanjwa homa ya manjano, ataazima sanduku la shangazi na kununua koti la mitumba pale Kyela mjini kwa kuwa ameambiwa huko aendako kuna baridi ya kufa mtu. Lakini hebu muulize chaja yake ya simu ina meno ya namna gani, atakuangalia kama umemtukana. Kwani meno ya plagi nayo yana uraia? Yanao bwana, tena makali kuliko ya binadamu. Mtu unaweza kumwombea viza, ila plagi ikikataa imekataa.

Sisi wa Matema somo hili tunaletewa mlangoni. Kwa asiyepajua, Matema ni huku mwisho kabisa wa Ziwa Nyasa upande wa kaskazini, chini ya Milima ya Livingstone. Wazungu hawakauki, hasa Wajerumani. Wengine wanakuja kwa shughuli za hospitali ya Walutheri, wengine kuogelea tu na kununua vyungu vya akina mama wa Kikisi. Mchana hawana neno. Giza likiingia utamwona mmoja anatoka chumbani na kaptura yake, kashika chaja yenye miguu miwili ya duara, anauliza mapokezi aichomeke wapi, maana soketi yetu ina matundu matatu ya pembenne.

Vijana wa mapokezi wana dawa yao: kalamu. Kichwa cha Bic kinasokomezwa kwenye tundu la juu, kinasukumwa kidogo, halafu miguu ya Mjerumani inaingia kwenye matundu ya chini kama kawaida. Mgeni anacheka, anatoa asante, kila mtu anaona ujanja.

Mimi ujanja huo siupendi, na nitakwambia kwa nini.

Plagi hii ya miguu mitatu ya pembenne ni ya Waingereza. Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inanguruma, waliunda kamati ya kupanga umeme wa majumbani utakavyokuwa vita ikiisha. Kwenye kamati ile mwanamke alikuwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, mama aliyeshughulika sana na usalama wa akina mama na watoto majumbani. Plagi ikatangazwa rasmi mwaka 1947. Matundu mawili ya chini, ambayo ndiyo yenye kazi ya kupitisha umeme, yakawekewa vifuniko kwa ndani ili mtoto asiingize kijiti akafa. Mguu wa juu, yaani wa ethi, ukafanywa mrefu kuliko wenzake ili utangulie kuingia na kuvifungua vifuniko hivyo. Sasa wewe unapokuja na kalamu yako, kufuli aliyowekewa mtoto unaifungua mwenyewe. Kalamu ni plastiki, sawa. Lakini kesho kalamu haipo, atatafuta msumari.

Halafu miguu ile ya duara haikutengenezewa matundu ya pembenne. Inakaa kwa kubahatisha. Ikicheza kidogo inatoa cheche, ikitoa cheche inapata joto, na ndiyo maana ukipita kwenye vyumba vya wageni huku kwetu utakuta soketi zenye weusi pembeni kama mdomo wa mtu aliyekula zambarau. Nyumba ikiungua watasema ni shoti ya umeme. Shoti gani? Ni kalamu ile.

Haya, huyo ni mgeni aliyekuja kwetu. Sasa tugeuze, wewe ndiye unayetoka.

Ukivuka mpaka pale Kasumulu ukaingia Malawi, usihangaike. Karonga mpaka Lilongwe wanatumia plagi kama yetu. Kenya na Uganda vilevile. Na dada zangu mnaokwenda Muscat au Dubai, huko nako ni meno yale yale ya pembenne na umeme ni kama wetu, kwa hiyo anayekuuzia adapta ya kwenda nayo Dubai amekuingiza mjini. Zambia ni mchanganyiko, utakuta ya pembenne na utakuta ya duara.

Kasheshe ni Bondeni. Vijana wengi wa Kyela na Tukuyu ndiko wanakokimbilia, na chaja ya Bongo ukifika nayo Johannesburg inakodoa macho tu. Wale wana plagi ya miguu mitatu ya duara, minene kama vidole. Wazee wanaokumbuka plagi za duara za nyumba zetu za zamani wasidanganyike, ile yetu ilikuwa ndogo, hii ni kaka yake mkubwa. Siku hizi majengo mapya yanawekewa nyingine tena, ndogo ya duara. Ushauri wangu kwa wa Bondeni: usinunue adapta huku, kanunue kule kule, zipo mpaka kwa wamachinga wao.

Ulaya ya bara, kuanzia Ujerumani, ni miguu miwili ya duara kama ya wale wageni wetu. Uingereza ni kama sisi. Wafanyabiashara wa Guangzhou watakutana na miguu bapa, miwili au mitatu, na ile mitatu imekaa mshazari. Marekani ni miwili bapa iliyosimama sambamba, wakati mwingine na wa tatu wa duara.

Basi mtu akishajua hayo anaona amemaliza. Ananunua adapta, anaondoka anapiga mluzi. Hapo ndipo pa kumshika mkono, maana adapta inabadilisha umbo la meno tu, umeme wenyewe haiugusi. Umeme wetu ni volti 230, na nchi nyingi nilizotaja ziko hapo hapo au karibu. Lakini Marekani ni volti 120, na Japani ni 100.

Kuna dada mmoja ana saluni kule Ipinda. Pesa za kakao za msimu mzima alimtumia kaka yake aliyeko Marekani amnunulie draya ya nguvu, siyo hizi za kuzimika zimika. Kaka mtu akanunua kweli, akaweka na adapta nzuri juu yake, mzigo ukafika. Siku ya kwanza kiti kimekaliwa na bibi harusi mtarajiwa, ndugu zake wamejaa kwenye benchi. Dada akachomeka. Draya ikanguruma kama pikipiki, nyaya za ndani zikaiva nyekundu, moshi ukatoka, harufu ya plastiki ikajaa saluni nzima. Hata dakika haikuisha. Nywele za bibi harusi zilipona kwa sababu dada ana akili, aliigeuzia ukutani kwanza aijaribu. Lakini draya imekwenda na pesa za kakao zimekwenda. Fundi alivyoigeuza akamwonyesha maandishi madogo pale kwenye mkono: volti 120.

Hesabu yake ni hii, na mimi fizikia yangu iliishia kidato cha nne lakini hii nilibaki nayo. Kitu cha kutoa joto ukikipa volti mara mbili, joto haliwi mara mbili, linakuwa mara nne. Draya ile ilipewa karibu mara nne ya ilichozoea. Adapta haikuwa na kosa lolote, ilifanya kazi yake vizuri mno.

Na kinyume chake kipo. Dada zetu mnaokwenda kusoma Marekani na kilo tano za mchele wa Kyela mkaona mbebe na jiko la umeme la wali, jiko lenu la volti 230 kule litapata robo tu ya nguvu yake. Mchele utakaa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ulainike wenyewe kwa huruma. Mchele bebeni, jiko nunueni huko.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, geuza kifaa chako usome. Kwenye chaja ya simu au ya kompyuta utakuta 100-240V, 50/60Hz. Hiyo ni ruhusa ya dunia nzima, wewe tafuta meno tu. Ukikuta 220-240V peke yake, kifaa hicho Marekani na Japani hakiendi. Draya nyingine zina swichi ndogo ya kugeuza kwa sarafu, ni lazima uigeuze kabla hujachomeka, baada ya hapo ni maombolezo. Transfoma za kushusha na kupandisha umeme zipo, ila ya kubeba draya au pasi ina uzito wa kukumalizia kilo zako zote za ndege.

Jambo jingine ni ethi. Angalia kama kifaa kina alama ya mraba ndani ya mraba. Kikiwa nayo, kimekingwa mara mbili, adapta ya miguu miwili inatosha. Pasi ya nguo yenye plagi ya miguu mitatu usiitie kwenye adapta ya miwili, kwani umeikatia ethi, na siku waya wa ndani ukigusa bati lake ni wewe unayekuwa ethi. Na fyuzi pia: kwenye plagi yetu ipo ndani, ya ampea 3 kwa vitu vidogo, 13 kwa birika na pasi. Adapta nyingi za bei ya karanga hazina fyuzi kabisa.

Mwenye vifaa vingi asinunue adapta tano. Chukua moja nzuri na ekstensheni yako ya nyumbani, chaja zote zikae hapo, lakini hita na birika usivipeleke. Pawabenki ibebe mkononi ndani ya ndege, kwenye sanduku la chini hawaitaki.

Na dukani usikubali kuonyeshwa boksi. Mwambie muuzaji aitoe, aichomeke ukutani pale pale, halafu chomeka chaja yako ndani yake. Ikikaa imetulia, lipa. Ikining'inia kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, mrudishie. Akinuna, duka la jirani nalo linauza.